Kitambaa Chekundu cha Shangazi

Ndege yetu tunaiita Shangazi. Ni ndogo, ina injini moja na viti vinne, na ilianza kuruka kabla sijazaliwa. Tuliipa jina hilo kwa sababu haipendi kuharakishwa, haitaki mtu apande na viatu vya matope, na ukiiudhi asubuhi itanung'unika mpaka jioni. Wenye nayo tuko watatu. Mwalimu, mstaafu wa hesabu, anasema mabawa ni yake. Kaka yangu, daktari wa meno, alijitwalia injini, propela na sifa zote. Mimi, daktari wa mifugo, nilichelewa kufika siku ya mgao kwa sababu ya ng'ombe aliyekataa kuzaa kwa wakati, nikaachiwa mkia. Sikulalamika. Ndege bila mkia haifiki popote, na kaka yangu namkumbusha hilo kila anapovimba kichwa.

Hakuna kati yetu anayerusha ndege kutafuta riziki. Tunaruka Jumamosi kujifurahisha, Jumapili tunaiosha, na siku zilizobaki tunawachosha watu kwa kuwahadithia.

Sheria zetu za kumiliki pamoja ni chache, na inayoheshimiwa kuliko zote ni ya kitambaa chekundu. Kinaning'inia kwenye msumari ndani ya mlango wa banda la ndege. Mmoja wetu akiona jambo lisilompendeza, iwe tairi, iwe wingu, iwe macho ya rubani ambaye hakulala vizuri, anakifunga kwenye propela. Kikishafungwa, Shangazi haendi kokote, na hakuna wa kukifungua isipokuwa aliyekifunga. Mwalimu ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Alisema sisi watatu tuna ugonjwa mmoja, tunaoneana haya mno. "Mtamwacha mwenzenu afe," alituambia, "kwa sababu mnaona vibaya kumwambia amekosea." Basi kitambaa kinasema kwa niaba yetu. Mwalimu aliwahi kukifunga kwa sababu ya ndege wa manyoya waliojenga kiota ndani ya injini. Mimi niliwahi kukifunga kaka alipokuja na mafua, masikio yameziba, anaapa kwamba anasikia vizuri, huku akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Sasa, kaka yangu ana mkwe.

Baba mkwe wake alikuwa stesheni masta mpaka alipostaafu, na watu wanamwita hivyo hadi leo. Bado anavaa kofia ya kazi akisafiri, na kipenga hakimtoki shingoni. Ni mtu anayeamini reli. Chombo kinachokwenda bila reli, kwake yeye, ni wazo tu ambalo halijafikiriwa vizuri. "Treni ikiharibika inasimama," alimwambia kaka siku ya kwanza aliposikia habari za Shangazi. "Nyie mkiharibikiwa, mnasimama wapi?"

Na kaka yangu, jamani! Huyu ni mtu anayewaambia watu wazima wafungue midomo, nao wanafungua. Mbele ya mkwe wake anafunga wake. Mzee akisema chai haina sukari, kaka anaomba radhi hata kama chai kaitengeneza mwingine. Toka aoe, mzee hamwiti mkwe, hamwiti mwanangu, anamwita Daktari tu, kama mtu aliyekuja kung'olewa jino na kuondoka. Wengine wangezoea. Kaka hakuzoea. Mkewe, wifi yangu, aliniambia siku moja kwamba wakitoka kumsalimu mzee, kaka huendesha gari kimya mpaka nyumbani.

Basi mzee akaja mjini kwetu kukaa kidogo kwa mdogo wake. Siku moja tukiwa mezani kwa kaka, shibe ikampanda kaka kichwani, akasema mbele ya watu wote, "Baba, ukirudi nyumbani, nitakurusha mwenyewe kwa ndege."

Vijiko vilisimama. Sote tulijua jibu. Mzee alijifuta mdomo taratibu, akamtazama kaka, akasema, "Haya."

Looo! Kaka hakulala kwa furaha. Kesho yake alikuwa ameshawapigia simu majirani wa mzee kule kwao, ng'ambo ya vilima, waje uwanjani kumpokea. Alitaka mzee aonekane akishuka kutoka mbinguni, na yeye aonekane akimshikia mlango.

Ndipo simu za mzee zilipoanza. Ya kwanza: "Daktari, nina begi moja zito kidogo. Halitazidi?"

"Hapana shida, Baba."

Ya pili: "Daktari, mdogo wangu naye angependa kunisindikiza. Unamjua alivyo." Baba Mdogo tunamjua sote alivyo. Akikaa kwenye sofa, walioko upande wa pili wanainuka. "Si atazidi?"

"Hapana shida, Baba."

Ya tatu: "Lipo na begi la pili. Hili ni zito kweli, nisikufiche."

"Hapana shida kabisa, Baba!"

Wifi, aliyekuwa akisikiliza, alinipigia mimi. "Wifi, kaka yako akiombwa abebe stesheni nzima atasema hapana shida."

Mimi kazi yangu ni kukadiria uzito kwa macho. Ukikosea uzito wa fahali, dawa ya usingizi inakuwa pungufu, na utajua hujui katikati ya zizi. Nikamuweka mzee kichwani, nikamuweka Baba Mdogo, nikaweka mabegi, na sikupenda nilichokiona. Shangazi ana kikomo chake, kimeandikwa hapo hapo mbele ya macho ya rubani. Ukikizidisha ataondoka ardhini, ndiyo, lakini atapanda kwa kujivuta, na vile vilima havisogei kumpisha mtu. Nilimpigia kaka. Akanijibu kwamba ameshapiga hesabu, nisimsumbue, ana mgonjwa kitini.

Jumamosi asubuhi nilifika uwanjani kabla ya wageni. Banda lilinuka mafuta kuliko kawaida. Kaka alikuwa akimsugua Shangazi kwa tambara, naye amevaa tai. Tai! Uwanja wa nyasi, mbuzi wanachungulia kutoka kwenye ua, yeye na tai. Nyuma ya mlango nikaona madumu yamepangwa, yamejaa.

"Madumu haya ya nini?"

"Madumu gani?" Akajitia hamnazo.

"Haya ya nyuma ya mlango."

Akaendelea kusugua mahali palipokwisha kung'aa. "Nimepunguza mafuta kidogo. Mafuta nayo yana uzito, si unajua?"

"Umetoa mafuta ili upakie mabegi?"

"Yaliyobaki yanatosha."

"Yanatosha mpaka wapi?"

"Mpaka pale pale. Upepo ukitusukuma kwa nyuma."

Nilitoka nje nikatazama kile kifuko cha upepo juu ya mlingoti. Upepo ulikuwa ukitokea huko huko walikokuwa wanakwenda. Nikarudi ndani nimekunja uso.

"Mwambie mzee begi libaki. Mwambie Baba Mdogo apande basi."

"Nimwambie mkwe wangu kwamba yeye na nduguye ni wazito?" Alinitazama kana kwamba nimemwomba amvue mzee shati hadharani.

"Basi mwambie ndege ni ndogo."

"Nilishamwambia ni kubwa."

Hapo nilitaka kucheka, lakini kaka aliweka tambara chini. Akasema kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akiitumia tukiwa watoto akivunja kitu, "Mdogo wangu, miaka yote hii hajaniita mwanangu hata kwa bahati mbaya. Leo amekubali kukaa karibu nami. Nikianza kumkatalia hiki na kile, nitakuwa nimebaki na nini?"

Nilimhurumia, haki ya Mungu. Nilimhurumia hivyo hivyo huku natembea kuelekea kwenye msumari. Nilitoa kitambaa, nikaenda mbele ya ndege, nikakifunga kwenye propela, nikapiga mafundo mengi kuliko inavyohitajika. Sikuwa na mzaha tena. Kaka yangu ni mmoja tu, na wifi yangu naye alikuwa na kiti chake humo ndani.

"Fungua," alisema kaka.

"Sifungui."

"Mimi ndiye mwenye injini!"

"Na mimi ndiye mwenye mkia, na mkia hauendi."

Angejibu, na jibu lenyewe nililiona linakuja, lakini teksi iliingia uwanjani imelala upande mmoja. Baba Mdogo alikuwa kiti cha nyuma upande huo, usingizi umemchukua. Wifi akashuka, halafu mzee, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote, kipenga kifuani. Dereva alifungua buti, akashika begi la kwanza, akalitoa. Akashika la pili, akaliacha, akajishika kiuno.

Kaka aliwahi mbio na tai yake. "Shikamoo Baba! Karibu, karibu sana. Samahani, tunaondoka sasa hivi, kuna kakitambaa tu hapa, huyu mdogo wangu ana utani mwingi..." Na huku anasema, anarudi kinyumenyume kwenye propela, mkono umeshanyoshwa.

"Daktari!"

Ile haikuwa sauti ya ukwe. Ilikuwa sauti ya jukwaa la stesheni, ya kuwarudisha watu nyuma ya mstari. Mbuzi waliondoka kwenye ua. Hata Baba Mdogo alijigeuza usingizini.

"Ondoa mkono hapo," mzee alisema. "Hiyo ni bendera nyekundu. Nani ameiweka?"

"Mimi, Mzee," nikasema.

"Basi ni wewe wa kuiondoa. Huyo asiiguse."

Nikaona ajabu. Mabega ya mzee, yaliyokuwa juu tangu ashuke kwenye gari, yalishuka. Akasimama sawa, miguu imetulia, kama yuko kazini.

"Sababu?" akauliza.

Ningeweza kuisema mwenyewe. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilimtazama kaka na tai yake, nikajua kwamba nikiisema mimi, wiki ijayo atapata mkwe mwingine, rafiki mwingine, mgonjwa mwingine wa kumwambia hapana shida.

"Sababu anayo rubani, Mzee. Akiisema yeye, kwa mdomo wake, na ikisharekebishwa, nitakifungua."

Kaka alinitazama kama anavyotazama jino lililooza. Akakohoa. "Baba, unajua, hali ya hewa..."

Mzee akainua uso. Hakukuwa na wingu. "Hali ya hewa ina nini?"

"Ni nzuri."

"Enhe?"

"Ila injini..."

"Injini ina nini?"

"Nayo ni nzuri."

Wifi aligeuka akatazama nyasi, mabega yanamcheza. Kaka alilegeza tai. Alimtazama mkewe, na sijui aliona nini, maana wifi hakuwa ameonyesha chochote zaidi ya kisogo. Labda kisogo chenyewe kilitosha. Alivuta pumzi.

"Baba, mmezidi."

Akayaonyesha mabegi kwa kidole.

"Uzito umezidi. Wewe, Baba Mdogo, mabegi, sote kwa pamoja. Nimetoa mafuta ili muenee, na yaliyobaki hayatoshi kwa usalama, hasa kwa upepo huu. Nilijua tangu simu ya kwanza, nikasema hapana shida. Shida ipo. Ningewapeleka hivi, nisingekuwa mtu. Leo hupandi, Baba."

Akafumba macho, kama wanavyofumba wagonjwa wake wakiona koleo linakuja.

Mzee alilitazama begi lake la pili, ambalo mimi na dereva tulikuwa tumeliburuta mpaka kwenye nyasi, akalikalia. Akatoa leso akajifuta uso, shingo, na ndani ya kofia.

"Hatimaye," alisema. "Nilidhani hutasema kamwe."

Akainuka, akafungua zipu. Humo ndani hamkuwa na nguo wala zawadi. Mlikuwa na mawe ya mizani, yale ya chuma, makubwa, ya kupimia mizigo ya abiria.

"Baba!" Wifi alishika kichwa. "Unasafiri na haya?"

"Nimeyaomba pale stesheni yenu. Siku hizi hawayatumii." Alirudi kukaa, sasa kama mtu aliyefika nyumbani. "Naogopa ndege, wanangu. Naogopa tangu nilipoiona ya kwanza, hata haikuwa karibu. Siku ile mezani nilitaka kukataa, nikaona nitamvunja mwenzangu mbele ya watu. Nikasema moyoni, nitaleta begi, atasema limezidi, nitasikitika kidogo, nitapanda treni yangu, na kila mtu abaki na heshima yake. Akasema hapana shida! Nikamwongeza huyu." Akaonyesha teksi kwa kidole. "Hapana shida! Nikaleta chuma. Chuma! Hapana shida kabisa, Baba! Jana nilimpigia mke wangu nikamuaga. Nilimwambia, huyu Daktari ni mtu mzuri sana, na ataniua kwa adabu."

Wifi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake zuri. Mimi nikafuata. Dereva wa teksi, ambaye hayakumhusu, alicheka kuliko sote. Kaka peke yake alibaki amesimama, mdomo wazi, halafu akaanza kutikisika, akajiegemeza kwenye bawa la Mwalimu, machozi yanamtoka, na sikuweza kujua ni ya kicheko yote.

Baba Mdogo alifumbua jicho. "Tumefika?"

"Bado," alijibiwa na mzee. "Lala."

Nikasaidiana na kaka kurudisha mafuta kwenye matangi. Alifanya kazi hiyo bila tai na bila neno, ila alipomimina dumu la mwisho alinigonga begani kwa bega lake, na kwetu hiyo ni hotuba ndefu. Nilidhani mambo yameishia hapo. Treni ilikuwepo mchana, na mzee alikuwa na sababu halali. Lakini alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anatazama kila tone.

"Na bila mawe?" akauliza ghafla. "Na bila huyu anayelala? Na hayo mafuta yakiwa yote?"

"Tunaenea, Baba, na nafasi inabaki," kaka alijibu. "Lakini si lazima. Kweli, si lazima."

"Sikukuuliza kama ni lazima. Nataka kupimwa."

Nina mizani ya ndama ndani ya gari langu. Tuliishusha, mzee akavua kofia, akavua koti, akakataa kuvua kipenga. Akapanda, akajisomea mwenyewe, akaguna, akatuomba neno hilo lisimfikie mkewe. Kaka naye akapanda, wifi akapanda kwa kelele nyingi, na safari hii hesabu ilifanywa mbele ya wote. Mzee aliifuatilia kwa kidole mpaka mwisho.

"Baba, si umesema unaogopa?" wifi alimuuliza.

"Naogopa mpaka magoti. Lakini mwenye chombo amenikatalia. Kazini sikuwahi kuogopa kichwa cha treni kibovu kama nilivyomwogopa dereva asiyejua kukataa."

Nilikwenda nikafungua kitambaa. Yale mafundo yalinitesa, wote wakanisubiri, na kaka akapata nafasi ya kunicheka kwa raha zake. Nilistahili.

Walipanda. Wifi nyuma, mzee mbele, kiti cha kulia, amejikaza mpaka mishipa ya shingo imesimama. Kaka aliinama kumkagua mkanda.

"Mwanangu," mzee alisema.

Mkono wa kaka ulisimama. Aliendelea kuinama pale kwenye mkanda muda mrefu, ingawa nilikuwa dirishani na niliona umefungwa vizuri.

"Naam, Baba."

"Tukishafika juu, nikikwambia nataka kushuka?"

"Nitakukatalia, Baba."

"Haya," mzee alisema. Akatoa kichwa kwenye kidirisha, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapuliza kipenga.

Shangazi aliondoka mwepesi, akavuka ua akiwa amebakiza nafasi tele, akashika njia ya vilima. Nilibaki chini na kitambaa mkononi, mawe ya mizani, na Baba Mdogo, ambaye kelele za injini ndizo zilizomwamsha. Aliuliza treni inaondoka saa ngapi.

Kaka alinipigia mchana. Majirani walikuja, picha zilipigwa, mzee alishikiwa mlango. Njia nzima alikuwa ameng'ang'ania mkanda na macho ameyafumba, kaka alisema, isipokuwa mara moja tu walipopita juu ya reli. Hapo alifumbua jicho moja, akachungulia chini, akatazama saa yake, akasikitika kwamba treni imechelewa.